Gari Linalolala Chini

Pasaka ya 1964, Mercury Comet za Marekani, zenye injini za V8, zilishindana katika East African Safari. Mvua ilinyesha. Kati ya magari 94 yaliyoanza, 21 tu ndiyo yaliyomaliza. Comet zilizofika zilikuwa mbili: moja ya 18, nyingine ya mwisho. Ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young, yenye injini ya lita 1.5. Tope halikujali nguvu.

Tope hilo wazee wa Handeni na Korogwe wanalijua. Kwenye barabara ya vumbi, fundi huinua gari na kuongeza springi. Kwa hiyo mimi, mwanafunzi wa historia, husoma pia nafasi iliyopo kati ya bodi na ardhi.

Leo kilomita 65 za Korogwe hadi Handeni ni lami. Katika gereji moja Korogwe niliikuta Toyota Mark II ya zamani: springi zimekatwa, madigadi yamepanuliwa, matairi mapana yamejaa ndani yake. Wakubwa wanaona upuuzi. Mimi naona kijana aliyeanza kuiamini barabara.

Ila kila kijiji kina matuta, kwa sababu watoto wanavuka kwenda shule. Hapo Mark II hupita kimshazari, polepole, tumbo likikwaruza, huku bodaboda na waenda kwa miguu wakiipita. Lami imemruhusu kijana kulaza gari lake. Majirani ndio wanaoamua liende kasi gani.