Ukurasa wa Nane Kando ya wa Kwanza

Kijitabu cha kurasa nane hakipigwi chapa kwa mfuatano wa kusomwa. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati, ukurasa wa 8 hukaa kushoto mwa ukurasa wa 1, na nyuma yake huja wa 2 na wa 7. Karatasi ya ndani hubeba wa 6 na wa 3, kisha wa 4 na wa 5. Kila jozi ikijumlishwa, jibu ni 9. Hesabu hiyo ndogo humwokoa karani wa duka la kompyuta pale Timau, kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru, anapoletewa jioni wasifu wa marehemu anayezikwa kesho yake.

Zamani maarifa haya yalikuwa ya mafundi. Askofu Tozer na Edward Steere walipofika Unguja mwaka 1864, mtambo wa chapa ulikuwa miongoni mwa nyenzo za misheni yao, na vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa wakafundishwa kupanga herufi za risasi. Upande wa Mlima Kenya, mapadre wa Consolata walikuwa na mtambo wao Nyeri, na mwaka 1916 wakaanza kutoa gazeti la Wathiomo Mukinyu. Mpiga chapa wa aina hiyo alikuwa na mbinu isiyohitaji mashine: hukunja karatasi tupu, huandika namba pembeni, kisha huifungua. Namba hujionyesha zenyewe mahali pake, nyingine zikiwa kichwa chini.

Mashine ya kudurufu ya Gestetner ndiyo iliyoitoa kazi hii mikononi mwa fundi. Shule na makanisa vijijini vikaanza kujichapia mitihani na ratiba za ibada. Mpiga taipu alitoboa herufi kwenye karatasi ya nta, wino ukapenya. Lakini karatasi iliyopitishwa mara ya pili ili kuchapwa nyuma haikutua palepale, kwa hiyo pambizo ziliachwa pana. Busara ile ingali na kazi, ingawa wengi wameiacha kwa tamaa ya kujaza maneno.

Kompyuta hupanga kurasa yenyewe mtu akichagua mpangilio wa kijitabu, kisha huzua makosa mapya. La kwanza ni upande wa kugeuzia: karatasi iliyolazwa, yenye kurasa mbili sambamba, hugeuzwa kwa ukingo mfupi. Ikigeuzwa kwa ukingo mrefu, nyuma yote hutoka kichwa chini. La pili ni printa kuachiwa ipunguze ukubwa ili maandishi yaenee. Hapo vipimo hubadilika na mkunjo waweza kuangukia maneno. Nakala moja ya majaribio, ikiinuliwa dirishani, huonyesha kama pambizo za mbele na nyuma zimelingana.

Kurasa lazima zigawike kwa nne. Wasifu wa kurasa sita huacha mbili tupu, nafasi nzuri ya picha na shukrani za familia.

Kipeperushi cha mikunjo miwili kina sheria yake. A4 ina urefu wa milimita 297, lakini kuigawa 99 mara tatu ni kosa la kawaida: sehemu inayoingia ndani hubanwa na kujikunja. Hupewa 97, nyingine mbili 100 kila moja, na upande wa nyuma vipimo hivyo hupangwa kinyume.