Timbuktu: Urithi Uliookolewa kwa Masanduku ya Bati

Ukisikia jina la Timbuktu pengine wadhani ni mji wa hadithi tu. La, uko! Uko nchini Mali, Afrika Magharibi, pale jangwa la Sahara linapokaribiana na mto Niger.

Mwaka 1324 mfalme wa Mali, Mansa Musa, alikwenda Hijja kupitia Misri, na dhahabu aliyoitoa Kairo ilizungumzwa miaka mingi. Lakini dhahabu ile imekwisha. Kilichobaki ni msikiti wa Djingareyber, uliojengwa kwa udongo baada ya kurudi kwake. Huo, pamoja na misikiti ya Sankore na Sidi Yahya, ndio uliokuwa moyo wa mji. Wanafunzi walitoka mbali kuja kusoma Qur'ani, fiqhi, nahau na elimu ya nyota. Katika karne ya 16 msafiri Leo Africanus aliandika kwamba sokoni hapo vitabu vilileta faida kuliko bidhaa nyingine.

Mwaka 1591 jeshi la Moroko liliuteka ukanda huo. Mwanachuoni Ahmed Baba alikamatwa, akapelekwa Marrakesh. Huko alilalamika kwamba amepokonywa vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ndiyo iliyokuwa ndogo katika ukoo wao! Hebu fikiria, ndugu yangu: hiyo ndiyo ndogo.

UNESCO iliutia Timbuktu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1988. Je, orodha yatosha kulinda mji? Mwaka 2012 wapiganaji wenye silaha waliuteka, wakabomoa makaburi ya mawalii kwa sululu, wakidai wanatetea dini. Januari 2013, walipokuwa wakikimbia, maandiko kama 4,000 ya Taasisi ya Ahmed Baba yaliteketea ama kupotea.

Mengi zaidi yaliokoka, na si kwa bunduki. Wenye maktaba za familia, Abdel Kader Haidara akiwa mstari wa mbele, walikuwa wameyapakia kwenye masanduku ya bati. Usiku usiku yakatolewa kwa magari, kwa punda na kwa mitumbwi ya mto Niger, hadi mji mkuu, Bamako. Madereva na mabaharia hao hawakuwa maprofesa. Ni watu wa kawaida tu, tena wengi wao vijana, waliojua kwamba wakishikwa ni hatari.

Mafundi wa Timbuktu nao waliyajenga upya makaburi yale, kazi ikakamilika 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu mmoja wa wahusika kifungo cha miaka 9. Agosti 2025 sehemu ya maandiko ilianza kurudishwa kwao.

Basi kijana mwenzangu, funzo ni hili: urithi haulindwi na kibao cha mlangoni. Walindwa na watu wanaoujua thamani yake kabla ya siku ya msiba. Baada ya futari leo, muulize babu au nyanya: je, kwetu kuna kitabu chochote cha mkono, barua ya zamani, au mswada wa hati za Kiarabu? Kikiwapo, kitoe kwenye vumbi, kikinge na mchwa, na umuombe akusomee. Usingoje moto.

Ramadhan Kareem.