Kilichotoka Si Kilichofika

Neno mazuku sikulipata darasani. Sisi wa Kasulu tumelisikia kwa Wakongo waliokuja Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Aliyeishi Goma analijua: ni hewa nzito ya kaboni dioksidi, inatoka ardhini karibu na volkano na kulala kwenye mabonde. Mbuzi anaingia, hatoki. Mtu vilevile.

Hebu fikirini, wenzangu. Hewa ile haigeuki. Ilivyotoka ndivyo inavyoua.

Mwaka 1961 Mwingereza Frank Pasquill alitoa njia ya kukadiria moshi unavyotawanyika: kasi ya upepo, ukali wa jua, mawingu, kiasi kinachotoka kwenye chanzo. Wahandisi wakaipenda, maana hesabu yake nyepesi. Lakini humo moshi ni abiria tu. Anapanda hapa, anashuka kule, ni yuleyule.

Basi mpeleke abiria huyo Nyiragongo, mlima uliomwaga lava hadi katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002. Miaka iliyofuata ulikuwa ukitoa maelfu ya tani za dioksidi ya salfa kwa siku. Katika hewa kavu gesi hiyo huchukua siku kadhaa kugeuka. Ikiingia kwenye wingu, saa chache tu zatosha, imekuwa asidi. Vijiji vya magharibi, ambako upepo huusukuma moshi, vikapata mvua chachu yenye floridi inayotia meno madoa. Na mvua ndiyo maji yao ya kunywa, ya kukinga kwenye mabati! Anayepima gesi peke yake atasema imepungua. Kumbe imo ndani ya pipa.

London nako, Desemba 1952, moshi wa makaa uligeuka asidi ndani ya ukungu. Walikufa maelfu.

Huku kwetu hakuna volkano, ila moto wa kiangazi tunao. Mapori ya Kibondo na Kasulu yakichomwa, kila mtu analalamikia moshi anaouona. Jua nalo linazipika gesi za moshi huo hadi zinazaa ozoni, ambayo haikutoka motoni kabisa. Haionekani, inakwaruza mapafu, tena mbali na palipowashwa. Sasa bwana misitu akitaka kumkamata mwenye kiberiti, aanzie kijiji kipi?