Kutoka Jela ya Kentucky hadi Dirisha la Muhimbili

Muuguzi anamimina dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mgonjwa anainywa palepale dirishani, kisha anatamka maneno mawili matatu ili ijulikane imeshuka kooni. Kesho atarudi, na keshokutwa. Dawa yenyewe ni methadoni, na nyuma ya kikombe kile kuna zaidi ya miaka 200 ya wataalamu kuulizana: aliyenaswa na kilevi ni mwovu au ni mgonjwa?

Benjamin Rush, daktari wa Philadelphia, aliandika juu ya madhara ya pombe kali mwaka 1784, na akawa miongoni mwa wa kwanza kuuita ulevi ugonjwa. Miaka 100 baadaye, Norman Kerr na wenzake wakaunda chama cha kuuchunguza huko London. Jarida lao lingali hai, siku hizi likiitwa Addiction. Kabla karne haijaisha, mwaka 1898, kampuni ya Bayer ikaanza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi.

Mwaka 1935 Marekani ilifungua Lexington, jimboni Kentucky, jengo lililokuwa hospitali na jela ya waraibu kwa pamoja, lenye mashamba na kituo cha utafiti. Wafungwa walijitolea kufanyiwa majaribio, na wengine walilipwa kwa dawa za kulevya zilezile walizopelekwa pale waziache. Hilo ni doa lisilofutika. Lakini ni hapohapo daktari Abraham Wikler alipotega sikio. Wagonjwa walimweleza kwamba mtu aliyekaa miezi bila dawa, mwili ukiwa umeshatulia, alirudi mtaani kwake na mara akaanza kuumwa upya: makamasi, machozi, tumbo kusokota. Mateja wetu wanaiita arosto. Wikler akaelewa kwamba mwili unaukumbuka mtaa. Kila nikipita karibu na kijiwe namkumbuka.

Daktari Marie Nyswander aliwahi kufanya kazi Lexington, na alijua kwamba wengi walioruhusiwa walirudia dawa za kulevya. Mwaka 1964, New York, yeye na Vincent Dole, pamoja na daktari kijana Mary Jeanne Kreek, walianza kwa kuwapa waraibu wa heroini mofini. Siku nzima wagonjwa walikaa mbele ya televisheni wakingoja sindano inayofuata. Walipohamishiwa methadoni, ambayo dozi yake moja huweza kumtuliza mtu siku nzima, mmoja akashika brashi akaanza kuchora. Mwingine akataka kurudi shule. Mwaka 1965 wakachapisha habari za wagonjwa 22. Takwimu ni chache, lakini kwangu mimi brashi ile ina uzito zaidi kuliko hotuba zote za karne iliyotangulia.

Unga, yaani heroini, ulishaingia pwani yetu miaka ya 1980, ule wa kahawia, ukivutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, rahisi kuyeyusha, na sindano zikaenea pamoja na virusi vya UKIMWI. Watafiti wa Muhimbili, akiwemo Gad Kilonzo, wakishirikiana na Sheryl McCurdy kutoka Texas, waliwafuata watumiaji vijiweni na magetoni Dar es Salaam. Wanawake wakawasimulia jambo ambalo maabara isingelifichua: aliyejidunga huvuta damu yake irudi kwenye bomba, akampa mwenzake asiye na hela, kwa imani kwamba damu hiyo itampunguzia arosto. Lilikuwa tendo la huruma lenye kubeba mauti.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu. Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki yake, daktari wa magonjwa ya akili Jessie Mbwambo akiwa miongoni mwa waliouongoza mpango huo. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Kenya: Mathari mwishoni mwa 2014, Malindi na Kisauni mwaka uliofuata.

Wanaume ndio wamejaa kwenye foleni za kliniki hizo. Nauli ya kila siku ni mzigo, mtoto hana wa kumwangalia, na mwanamke akionekana pale jina lake linachafuka mtaa mzima. Wanawake ndio waliowafumbua macho watafiti juu ya lile bomba la damu, na dirishani bado ni wachache mno.