Mlima Hanang na Ramani Zake

Imekuwa desturi kusema kwamba wapimaji kutoka Ulaya ndio walioifungua nyika ya Mbulu na Hanang. Twapenda kuichunguza kauli hiyo, kwa maana nchi ikiitwa nyika, watu wake husahauliwa upesi.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, alifika kwenye maziwa ya Manyara na Eyasi. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1894. Fritz Jaeger akaja kupima nyanda hizi mwaka 1906 na 1907. Ramani za Kijerumani ziliuita mlima huu Gurui. Wapagazi na viongozi wa njia, ambao pasipo wao hakuna mpimaji ambaye angepata maji, majina yao hayamo.

Baadaye, wakati wa Waingereza na baada ya Uhuru, zikaja picha za anga na ramani za skeli ya 1:50,000. Hizi ni kazi njema. Mistari ya kontua hupanda hata kilele cha Hanang, mita zipatazo 3,420, na makorongo yote yaonekana. Lakini kontua haisemi ni nani achungaye wapi. Wabarabaig huhamisha mifugo kwa majira, na malisho yao bora, muhajega, yako katika tambarare ya Basotu. Humo pia yamo makaburi ya wazee wao, bung'eda, matuta ya udongo yajengwayo kwa ibada ya miezi kadhaa. Ibrahimu aliponunua Makpela, shamba, pango na miti vilitajwa mbele ya mashahidi. Mbarabaig hakuwa na hati, alikuwa na tuta.

Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lililima ngano katika tambarare hiyo, mashamba saba, kila moja ekari zipatazo 10,000. Matrekta yalipita hata juu ya makaburi. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, na Mahakama Kuu ikawapa haki kwa sehemu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, kwa kuwa kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria.