Kaptula ya Kaki, Sketi ya Bluu: Sare ya Shule Ilikotoka

Januari mwaka 2004, mzee wa miaka 84 alianza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Jina lake Kimani Ng'ang'a Maruge. Alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, na serikali ya Kenya ilikuwa imefuta ada za shule za msingi mwaka mmoja tu kabla. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na kilichowagusa wengi hakikuwa mvi wala mkongojo. Ni nguo. Mzee Maruge alivaa kaptula, sweta na soksi ndefu hadi magotini, sawasawa na watoto wa miaka sita waliokaa naye dawati moja.

Nimeitazama picha ile mara nyingi. Mtu aliyeingia msituni kupigana na Waingereza anavaa, uzeeni, vazi lililoletwa na Waingereza, na anasimama wima kwa fahari. Kila Mkenya na kila Mtanzania alielewa mara moja: mzee huyu ni mwanafunzi kwa sababu amevaa sare. Kwetu sare imekuwa ndiyo shule yenyewe. Mtoto husema ameanza shule siku ile fundi anapomkabidhi shati jeupe, hata kabla hajaijua herufi moja.

Lugha yetu inatuambia jambo hapa. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja, tunasema zimetoka sare. Mashosti wawili wakikutana wamevaa kitenge kimoja, watoto wa mtaani huimba "sare sare maua". Neno ni lile lile: kulingana, kutozidiana. Lakini vazi lenyewe halikuzaliwa kwa nia hiyo hata kidogo.

Asili yake ya mbali ni London. Mwaka 1552, wakati wa Mfalme Edward wa Sita, ilianzishwa shule ya Christ's Hospital kwa ajili ya mayatima na watoto wa maskini waliokuwa wakizagaa katika mitaa ya jiji lile. Wakavishwa joho refu la bluu na soksi za njano. Bluu ilikuwa rangi ya bei nafuu, rangi ya watumishi na vijana wanaojifunza kazi. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mpita njia: huyu analelewa kwa sadaka. Watoto wa matajiri wakati huo walivaa walivyotaka. Ilichukua karne tatu, mpaka miaka ya 1800, ndipo shule za wakubwa kama Eton na Harrow nazo zikajiwekea vazi lao maalumu, na alama ya ufukara ikageuka alama ya ukoo bora. Joho lile la bluu linavaliwa Christ's Hospital hadi leo.

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake. Mtoto alikwenda chuoni, yaani shule ya Kurani, kwa mwalimu wake amevaa kanzu na kofia, na kanzu ile haikuwa ya chuo, ilikuwa ya kwao. Ndiyo hiyo hiyo aliyoivaa msikitini na harusini. Sare kwa maana tunayoijua leo iliingia na misheni. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walihamia Unguja mwaka 1864, na mapadre wa Kikatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu wakajenga misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wanafunzi wao wa mwanzo wengi walikuwa watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walivishwa na misheni, kama walivyovishwa mayatima wa London. Katika miji ya pwani ambako mtumwa alitambulikana kwa kipande cha kitambaa cha merikani kiunoni na muungwana kwa kanzu na kilemba, kumvika mtoto nguo mpya kulikuwa ni kumpa jina jipya. Tusisahau pia kwamba kulikuwa ni kumwekea bwana mpya.

Halafu ikaja kaki. Neno lenyewe limetokana na Kiajemi na Kiurdu, maana yake vumbi. Jeshi la Waingereza nchini India lilianza kuvaa rangi hiyo katikati ya miaka ya 1800 ili askari asionekane kwa urahisi, na kutoka huko ikaja kuwavika askari wa Afrika Mashariki, wa Mjerumani na wa Mwingereza. Kaptula ya kaki ya mwanafunzi wa Tanganyika ni binamu wa kaptula ya askari. Mstari wa asubuhi, ngoma, "mguu pande, mguu sawa", ukaguzi wa kucha na kola: mambo haya yana harufu ya kambi, na wazazi wetu waliyazoea kiasi kwamba walidhani ndivyo elimu ilivyo duniani kote. Hata vazi hilo lilikuwa la wachache. Wakati wa ukoloni shule zilitengwa kwa rangi, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na Mwafrika aliyefika darasa la nne alihesabiwa kuwa na bahati.

Tanganyika, mfumo huo wa rangi ulifutwa rasmi kuanzia mwaka 1962. Mwaka 1973 ada za shule za msingi zikaondolewa, na Novemba 1974 chama tawala, TANU, kilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi zilikuwa na watoto zaidi ya milioni 3. Hapo ndipo sare ilipopata maana ambayo neno lake lilikuwa likiidai siku zote. Shati jeupe, kaptula ya kaki kwa wavulana, sketi ya bluu kwa wasichana, kuanzia Kigoma hadi Mtwara. Mtoto wa mkuu wa wilaya na mtoto wa mkulima wa mihogo wakisimama mstarini, macho hayawezi kuwatenganisha. Kitambaa kilifumwa hapa hapa, katika viwanda kama Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Naamini kwa dhati kwamba katika vitu vyote vilivyotufanya tujione taifa moja, ukiacha Kiswahili, sketi ile ya bluu ina nafasi yake.

Lakini ilikuwa na gharama. Baada ya Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, nchi ilipokosa fedha za kigeni, nguo ziliadimika pamoja na sabuni na sukari. Shati moja lilivaliwa juma zima. Lilifuliwa jioni, likaanikwa jikoni, likavaliwa asubuhi likiwa bado na unyevu na harufu ya moshi. Sketi ya marinda ililazwa chini ya godoro ili ijinyooshe, kwa kuwa mkaa wa pasi nao ulikuwa na hesabu yake. Kaptula ilirithiwa kaka kwa mdogo mpaka viraka vikazidi kitambaa. Aliyekosa kabisa alirudishwa nyumbani, na kuna waliorudishwa ambao hawakuonekana tena shuleni.

Jambo hilo limepimwa. Magharibi mwa Kenya watafiti waligawa sare bure kwa baadhi ya wanafunzi na kuwalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Utoro ulipungua kwa asilimia 37, na kwa watoto ambao hawakuwa na sare kabisa ulipungua kwa asilimia 55. Watafiti walirudi baada ya miaka minane na kukuta kwamba waliopewa hawakuwa wamefika darasa la juu kuliko wenzao. Sare haimfundishi mtu hesabu. Kukosekana kwake, hata hivyo, kunamfungia mtoto mlango, na takwimu zile zimelionesha hilo waziwazi.

Leo kulingana kule kumevunjika tena. Angalia kituo cha basi cha Dar es Salaam saa 12 asubuhi. Sketi ya mirabamiraba, tai na koti lenye nembo: huyo ni wa shule ya binafsi ya Kiingereza, na gari la njano liko njiani kumchukua. Shati jeupe na sketi ya bluu: huyu ni wa serikali, atagombea daladala na kondakta atamzuia mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Sare sasa inasema mzazi wako ni nani, kama joho la bluu lilivyosema London.

Mahakama nazo zimeingizwa katika mjadala wa sare. Nchini Kenya, kesi ya wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo waliotaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya sare yao ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia mwaka 2016, na Januari 2019 uamuzi huo ukatenguliwa. Zanzibar, ushungi mweupe ni sehemu ya sare yenyewe, na mjadala huo haujawahi kuhitaji hakimu. Mimi sioni kwamba kitambaa kichwani kinavunja kulingana kwa wanafunzi. Kinachovunja kulingana huko ni bei.

Kwa hiyo sisemi sare iondolewe. Ibaki, tena ile ya kawaida, yenye kitambaa kinachopatikana dukani popote na mshono ambao fundi yeyote wa mtaani anauweza, isiwe lazima inunuliwe duka moja lililoteuliwa na shule. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, unaoeleza utekelezaji wa elimu bila malipo Tanzania, umeiacha sare mikononi mwa mzazi. Basi kwa mzazi asiyeweza, mzigo huo haupaswi kumwangukia mtoto. Mwalimu wa zamu utakayesimama mbele ya mstari Januari ijayo, ukimwona mmoja amekuja na nguo za nyumbani, mwandike jina, muite mzazi wake mzungumze, lakini yeye mwache aingie darasani.