Kisanduku cha "Mengineyo": Majibu ya Wazi Yalivyopangwa Kibera na Kawangware

Swali la utafiti wa soko huwa la aina mbili. La kwanza ni swali funge, ambalo humwekea mhojiwa majibu tayari ili achague, na la pili ni swali wazi, ambalo humwachia aseme kwa maneno yake mwenyewe na kwa urefu anaoutaka, kisha mtafiti ndiye anayebaki na kazi ya kuyapanga maneno hayo baadaye. Kazi hiyo haionekani katika ripoti, kwa kuwa mteja aliyelipia utafiti huletewa asilimia na chati, lakini ndiyo inayoamua lipi litahesabiwa kuwa kauli ya wanunuzi na lipi litasahaulika. Mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi inafaa sana kwa kuifuatilia historia ya kazi hiyo, kwa sababu wakazi wake wameulizwa mengi kuhusu sabuni, simu, mikopo, maji na vyoo tangu mwanzoni mwa karne hii, na kwa sababu katika makazi ya aina hiyo majibu yamewahi kuwalazimisha waulizaji kuvunja visanduku walivyokuja navyo.

Chimbuko la ufundi huu liko mbali na Nairobi. Mwaka 1935 Paul Lazarsfeld, mwanasayansi wa jamii mzaliwa wa Vienna aliyekuwa amehamia Marekani, alichapisha makala kuhusu sanaa ya kuuliza "kwa nini", akionyesha kwamba swali hilo dogo hubeba maswali kadhaa ndani yake: mtu aliyeulizwa kwa nini alinunua bidhaa fulani anaweza kutaja sifa ya bidhaa, anaweza kumtaja jirani aliyemshauri, anaweza pia kueleza haja iliyomsukuma dukani, na majibu hayo matatu hayawezi kujumlishwa katika safu moja kana kwamba yanashindana. Onyo hilo ni la zamani, na bado linapuuzwa kila siku.

Iliyolipuuza zaidi ilikuwa kadi ya kutobolewa. Kadi ya IBM iliyoenea tangu mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, kila safu ikiwa na nafasi 12 za matundu, na mashine ya kuchambulia ilihesabu matundu hayo kwa kasi ambayo karani yeyote asingeifikia. Ili jibu la maneno liingie katika kadi, ilibidi kwanza lipewe msimbo, yaani namba inayosimama badala ya wazo, na orodha ya namba hizo pamoja na maana zake ikaitwa kitabu cha misimbo. Kwa kuwa safu moja ilikuwa na nafasi 12 tu, msimamizi alikuwa na kila sababu ya kubana mawazo ya watu mamia yaenee humo, akitenga nafasi moja kwa ajili ya wasiojua na nyingine kwa ajili ya "mengineyo", kisanduku kilichopokea kila kauli isiyofaa kwingine. Kadi zilitoweka baadaye, ila mazoea ya orodha fupi yenye "mengineyo" mwishoni yaliendelea kuishi katika karatasi, na sasa yanaishi katika vishikwambi.

Nairobi ya kikoloni ilikuwa na hamu kubwa ya idadi na hamu ndogo ya sababu. Mwaka 1950 Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki ilipima mapato na matumizi ya vibarua Waafrika wa jiji, ikitaka kujua kiasi kilichokwenda kwenye unga, kodi na nguo, bila kumuuliza kibarua kwa nini alipanga matumizi yake namna hiyo. Karibu na uhuru ndipo utafiti wa kibiashara ulipoingia, hasa kupitia Marco Surveys ya mwanasosholojia Gordon Wilson, kampuni iliyoendesha kura za maoni nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni nyingine zilifuata na viwanda vya sabuni, mafuta ya kupikia na vinywaji vikawa wateja wao, lakini vitongoji vya mabati havikupewa uzito mkubwa, kwa dhana kwamba asiye na fedha hana soko.

Dhana hiyo ilianza kuporomoka mwanzoni mwa karne hii, na kampuni zilipogeukia vitongoji hivyo zilikutana na mambo yasiyojulikana kutoka ofisini. Kibera na Kawangware, ambazo ripoti nyingi huziweka katika kundi moja la "makazi yasiyo rasmi", zina historia tofauti. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, waliotengewa ekari 4,197 mwanzoni mwa karne ya 20, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ikaendelea kuwa mali ya serikali, hivi kwamba anayeitwa mwenye nyumba huko mara nyingi anamiliki kuta na mabati tu bila hati ya kiwanja. Kawangware, iliyoko Dagoretti, ilikua juu ya ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya familia za Wakikuyu zenye hati, na vyumba vya kupangisha vikajengwa uani kimoja baada ya kingine. Mpangaji wa Kibera na mpangaji wa Kawangware wanapolalamika kwa maneno yale yale kwamba mwenye nyumba hataki kutengeneza choo, wanazungumzia uhusiano wa aina mbili, na kitabu cha misimbo kisichobeba jina la mtaa kitayaweka malalamiko hayo mahali pamoja na kupotosha maana ya yote mawili.

Mfano mkubwa wa majibu kuvunja visanduku ni wa M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu. Majaribio ya huduma hiyo yalianza Oktoba 2005 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, kwa ushirikiano wa kampuni za simu za Safaricom na Vodafone na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, na lengo lake la kwanza lilikuwa kuwawezesha wakopaji kupokea na kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wateja walioshiriki walianza kuitumia kwa mambo ambayo hayakuwamo katika mpango, wakilipana wenyewe kwa wenyewe na kutumiana fedha, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilinadiwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Kwa hiyo kisanduku cha kwanza, cha mkopo, kilikuwa kimeshavunjwa, na mahali pake pakawekwa cha pili, cha kutuma.

Hicho nacho hakikudumu. Olga Morawczynski, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alifanya utafiti wa muda mrefu kati ya Kibera na Bukura, magharibi mwa Kenya, ili awafuate watumaji wa mjini na wapokeaji wa kijijini kwa pamoja, na mbinu yake ilikuwa ya kuishi karibu na watu, kuhoji kwa maswali ya wazi na kurudi tena kwa wale wale. Muhtasari aliouandika pamoja na Mark Pickens na kuchapishwa mwaka 2009 na CGAP, taasisi ya kimataifa ya huduma za fedha kwa maskini, ulionyesha kwamba watu wa mjini walikuwa wakituma kiasi kidogo kidogo mara nyingi zaidi kuliko zamani, kwamba mapato ya baadhi ya kaya za kijijini yalipanda hadi asilimia 30, na kwamba wengi walikuwa wakiiacha fedha ndani ya simu kama akiba, ingawa huduma haikubuniwa kuwa benki. Wanawake walieleza kwamba waliweka humo fedha ambazo waume zao hawakuzijua. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilipozingirwa na njia nyingi za kupata fedha kufungwa, simu ikawa njia ya jamaa kuwafikia ndugu zao waliokwama ndani.

Kauli kama hizo zinastahili kutazamwa kwa jicho la mpangaji wa majibu. Dodoso la maswali funge lililotungwa kwa kufuata tangazo lingeuliza mteja alituma mara ngapi, kwa nani na kiasi gani, na mwanamke anayejitumia akiba ya siri asingekuwa na mahali pa kuweka alama. Angalau swali la wazi humpa nafasi ya kueleza, na hata hapo kauli yake husalimika tu ikiwa msomaji wa majibu hatairusha katika "mengineyo" kwa kuwa ni ya watu wachache. Utafiti wa aina ya Morawczynski ulifaulu kwa sababu misimbo yake iliweza kuzaliwa kutoka kwenye majibu yenyewe, njia ambayo Barney Glaser na Anselm Strauss waliitetea katika kitabu chao cha mwaka 1967, wakitaka nadharia ijengwe kutoka chini badala ya data kulazimishwa iingie katika nadharia iliyokwisha kuandikwa.

Miaka miwili kabla ya M-Pesa kuzinduliwa, Kibera ilikuwa imeshuhudia jaribio jingine. Mwaka 2005 kampuni ya Marekani ya SC Johnson, watengenezaji wa dawa za wadudu na bidhaa za usafi, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, walishirikiana na makundi ya vijana waliokuwa wakizoa taka, na baadhi ya watafiti wakakaa katika nyumba za wenyeji ili wasikilize kabla ya kuuza. Lililotoka humo lilikuwa biashara ya huduma, Community Cleaning Services, iliyoanza kwa kunyunyizia dawa na kusafisha majumbani, kisha ikaelekea kwenye usafishaji wa vyoo vya pamoja. Kampuni iliyokuja ikiwaza makopo ya dukani iliambiwa kuhusu uchafu ambao kopo pekee lisingeuondoa.

Namna jibu moja linavyopangwa inaonekana vizuri zaidi kwa mfano wa kutungwa, unaofanana na yale yanayosikika katika mitaa hii. Mhojiwa wa Gatwekera, kijiji kimojawapo cha Kibera, anaulizwa kwa nini aliacha sabuni aliyozoea kufulia, naye anajibu: "Ile ya bar nilikuwa nakata vipande nauzia majirani, sasa bei imepanda hawanunui. Nachukua hii ya unga ya shilingi kumi, na pia haina povu mob, maji ya mtungi unajua ni pesa." Msimbaji mwenye haraka ataandika msimbo wa bei na kuendelea. Msimbaji makini ataona mambo manne: bei iliyopanda, pakiti ndogo ya uchumi wa kadogo (wa kununua vipimo vidogo vidogo), gharama ya maji ya kusuuzia, na jambo ambalo kiwanda pengine hakikulifikiria kabisa, kwamba mteja huyu alikuwa pia mchuuzi wa sabuni ile ile, na alipoiacha, kiwanda kilipoteza mnunuzi na duka kwa siku moja. Lazarsfeld angeongeza kwamba mambo hayo si ya ngazi moja.

Kwa desturi ya kazi, msimamizi husoma sehemu ya majibu ya mwanzo, huandika kitabu cha misimbo kutokana nayo, kisha huwapa wasimbaji wawili majibu yale yale ili aone wanapatana kiasi gani. Mwaka 1960 Jacob Cohen alitoa kipimo cha mapatano hayo, kinachoitwa kapa, ambacho huondoa sehemu ya kupatana inayoweza kutokea kwa bahati tu. Kipimo hicho kina manufaa, ingawa kina udhaifu usiosemwa vya kutosha: wasimbaji wawili waliosoma shule moja na kukulia mtaa mmoja wa kitajiri wanaweza kupatana kikamilifu katika kutomwelewa mtu wa Kibera. Ndiyo maana kumweka kijana wa mtaa husika mezani wakati wa kuandika misimbo, hasa majibu yanapokuwa ya Sheng iliyochanganyika na Kiluo, Kiluhya au Kikuyu, ni sehemu ya usahihi wenyewe.

Programu za kompyuta zilirahisisha mkono zaidi ya jicho. NUD*IST ilianza Melbourne mwaka 1981 kwa kazi ya Lyn na Tom Richards, ATLAS.ti ikaingia sokoni mwaka 1993, na NVivo mwaka 1999; zote humwezesha mtafiti kutia kipande kimoja cha maneno misimbo mingi kadiri anavyotaka, jambo ambalo kadi yenye nafasi 12 kwa kila safu ilikuwa ikilinyima nafasi.

Kituo cha Busara, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2012 kwa ajili ya uchumi wa tabia, kilileta hatua nyingine, kikiwaalika wakazi wa mitaa ya kipato cha chini katika maabara yenye skrini za kugusa ili hata asiyesoma sana aweze kushiriki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la PNAS, Catherine Thomas na wenzake waliwapa watu 565 wa Kibera na Kawangware fedha zilizoambatana na ujumbe wa aina tatu: wa kupunguza umaskini, wa kumwezesha mtu binafsi, na wa kuiwezesha jamii. Waliopata ujumbe wa kuwezeshwa walichagua zaidi kutazama video za mafunzo ya biashara, na walijiona wenye uwezo zaidi, kuliko waliopata ujumbe wa umaskini. Kwa wapangaji wa majibu ya wazi, matokeo hayo yanatisha kidogo, kwa maana ikiwa sentensi chache kuhusu nia ya mtoaji zinaweza kugeuza uchaguzi wa mtu, basi utangulizi anaousoma mhojaji mlangoni nao umo ndani ya jibu, na mkazi aliyehojiwa na mashirika mengi anajua upesi ni shirika gani linataka kusikia habari za shida.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeongeza ugumu wa mwisho. Jibu la wazi linaweza kumtambulisha msemaji hata jina lake lisipoandikwa, kwa kuwa mama aliye peke yake anayeuza samaki karibu na kituo fulani hutambulika mara anapoeleza kazi yake, na hivyo maandishi ya mahojiano husafishwa kabla ya kufika kwa mteja, majina ya vituo, makanisa na vijiji yakifutwa. Usafishaji ukizidi, hufuta pia tofauti kati ya mwenye nyumba wa Kibera na yule wa Kawangware. Njia ya kati ni kuliacha jina la mtaa na kuondoa la kijiji, ili Gatwekera isomeke kuwa Kibera tu, na mtu aliyetaja Gatwekera kwa sababu maalumu hupoteza sababu hiyo.